Namna ya Kutumia Neno "Afraid" la Kiingereza

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza neno "afraid" hukwazwa kwanza na lugha yake mwenyewe, kwa kuwa sisi tuna kitenzi "kuogopa", ilhali neno hili la Kiingereza ni kivumishi. Ndiyo maana husikika "I afraid dogs", sentensi inayofuata nyayo za "naogopa mbwa". Kivumishi hiki huhitaji kitenzi cha "kuwa" au kinachofanana nacho, na kinachoogopwa hutanguliwa na "of", wala si "from": "I am afraid of dogs".

Pia hakitangulii nomino. Mtoto mwenye hofu huitwa "a frightened child", kamwe si "an afraid child". Kwa asili neno lenyewe lilikuwa umbo la kutendwa la kitenzi cha kale "affray", kilichotoka katika Kifaransa kikiwa na maana ya kutisha, kwa hiyo hapo mwanzo "afraid" alikuwa ni aliyetishwa.

Panapowasumbua hata waliobobea ni uchaguzi kati ya "to" na "of". "He was afraid to climb the ladder" humaanisha kwamba woga ulimfanya asite kupanda ngazi, tendo ambalo lilikuwa mikononi mwake. "He was afraid of falling" husema kwamba alihofia kuanguka, jambo ambalo lingemtokea bila kulitaka. Ukisema "afraid to fall", utaeleweka kana kwamba alikusudia kuanguka akakosa ujasiri. Basi jiulize kama tendo ni la hiari, na ukibaki na shaka, tumia "of" pamoja na umbo la "-ing", kwa kuwa hilo hukubalika pande zote mbili. Ukihofia usalama wa mtu mwingine, tumia "for": "I am afraid for my son".

Kuna pia "I'm afraid" isiyo na hofu hata chembe. Karani akikuambia "I'm afraid the manager is out", hatetemeki. Anakuomba radhi kwa adabu kwamba meneja hayupo, na tafsiri yake ni "samahani" au "nasikitika". Majibu mafupi ni "I'm afraid so" kwa kukubali jambo lisilopendeza, na "I'm afraid not" kwa kukanusha. Usiongeze "very" hapo, kwani karani ataonekana kweli ameingiwa na hofu.