Kufunga flai ya spina: huyu mdudu ashakufa, mlaze chini

Wale mmekuwa mkiniuliza kuhusu ile saa ya jioni, samaki wa trauti zinakula mbele yako polepole kabisa na ukitupa flai ya kawaida (mdudu bandia wa kuvulia) zinaipita kama hazijaiona, jibu ni spina. Ni ndoano ndogo na manyoya kidogo, na ukizoea unamaliza moja kwa dakika saba hivi. Mimi niko Nakuru hapa Free Area, kufunga flai nilijifunzia karakana moja ya kuuza ng'ambo, tulikuwa tunalipwa kwa dazeni, lakini venye nitakueleza si venye tulifunzwa pale.

Kwanza mjue mdudu mwenyewe, ju ukimjua hata kufunga kunakuwa rahisi. Ni meiflai, mdudu wa mtoni. Anakaa chini ya mawe mtoni karibu maisha yake yote, halafu siku moja anapanda juu anatoka na mabawa ya ukunguukungu, hapo anaitwa dani. Unadhani amemaliza, kumbe anaenda kwa majani anajivua ngozi tena akiwa tayari na mabawa, na hakuna mdudu mwingine anafanya hivyo siku hizi. Akitoka hapo mabawa ni kama kioo, mkia mrefu, mwili umeng'aa. Huyo ndio spina. Mdomo wa kula hana. Kazi yake ni kuoana, jike anataga mayai kwa maji, basi, anaanguka mabawa yametandazwa huku na huku kama mtu amejitupa kitandani na nguo za kazi. Trauti anajua huyu haendi mahali, kwa hivyo hana haraka, anainua mdomo kidogo tu anafyonza.

Watu wa Kisumu, wale wadudu wanajaa kwa taa hadi mnafunga madirisha, wengi wao si meiflai, ni jamaa wa mbu ambao hawaumi. Ingawa ziwani pia kuna meiflai wa kweli, Povilla adusta, mtoto wake anatoboa mbao za ndani ya maji na wakubwa wanatoka usiku wakati wa mwezi mpevu. Shida ni kwamba trauti hawezi ishi kwa ziwa hilo, lina joto, yeye anataka maji baridi. Yeye ni mgeni hapa, aliletwa 1905 kutoka Uskoti akatiwa mto Gura kule Aberdare, na kwetu upande huu unamtafuta kwa mito ya msitu wa Mau kama Kiptiget huko Kericho.

Haya, vitu. Ndoano ya flai kavu, yaani flai ya kuelea juu ya maji, yenye waya mwembamba, namba 14, na ukishazoea ushuke 16, ambayo ni ndogo zaidi. Uzi mwembamba wa kahawia, ule wa kushonea nguo ni mnene utakuharibia kichwa cha flai. Vaisi ya kubana ndoano, makasi yenye ncha kali, kuteksi isiyo na rangi. Mkia tumia brashi ya rangi ya ukuta, ile ya nailoni, unywele wake unaisha na ncha nyembamba kama mkia wa mdudu kabisa, na ndio vitu vile vile vinauzwa ng'ambo kwa pakiti kwa bei ya kukera. Nenda hadi hardware uguse kadhaa, chagua yenye nywele laini. Brashi moja itakutosha hadi watoto wako waanze kuvua.

Mwili ndio napenda kuongelea. Wengine wanasokota manyoya, sawa, inafanya kazi, lakini jaribu mrija wa nyoya la jogoo wa kienyeji mwekundu. Chukua nyoya refu la shingo, bambua nyuzi zote za pembeni ubaki na ule uti tu, loweka kwa maji ya vuguvugu nusu saa. Usiporuka hiyo hatua ya kuloweka hautapasuka, ukiruka utalia. Ukiuzungusha kwa ndoano unatoa pingili pingili kama tumbo la mdudu, na ju unaanza na upande mwembamba, mwili unanenepa wenyewe ukienda mbele, hauhitaji ufundi. Sokoni wanaochinja kuku wanakupa hayo manyoya bure, ingawa utaangaliwa vibaya kidogo. Kama jogoo wako ni mweupe, chemsha manyoya na maganda ya vitunguu na siki kidogo, yatatoka rangi ya kutu. Tupia na manyoya laini ya sungura kwa sufuria hiyo hiyo, utayatumia kwa kifua. Tafuta sufuria yako lakini, si ya nyumba.

Mabawa yanataka uzi mweupe wa polipropilini kwa sababu wenyewe unaelea. Usikate sweta kuukuu, ile ni akriliki inazama. Kamba nyeupe ya manila, ile ya plastiki, ukiichana na sindano hadi iwe laini inasaidia kwa ndoano kubwa. Kama huna uhakika weka kipande kwa glasi ya maji, kikandamize chini na kidole, uone kama kitarudi juu.

Sasa kufunga. Bana ndoano kwa vaisi, anza uzi katikati ya shanki, ile sehemu ndefu iliyonyooka ya ndoano, urudi nyuma hadi pale inaanza kupinda. Hapo zungusha uzi mara sita saba mahali pamoja utoke kadonge kadogo. Hako kadonge ndio siri ya mkia: funga nywele mbili za brashi upande mmoja na mbili upande wa pili, ukivuta uzi ukikaza dhidi ya kadonge zinatawanyika zenyewe kama V. Urefu wake uzidi shanki kidogo. Huu mkia si urembo, ndio unashikilia nyuma ya flai juu ya maji, sasa ukiufunga wote kwa fungu moja flai inainamia nyuma.

Funga ncha nyembamba ya mrija hapo kwa mkia, peleka uzi mbele hadi theluthi mbili ya shanki, paka kuteksi kidogo juu ya uzi, halafu zungusha mrija mkunjo kwa mkunjo bila kuacha nafasi wala kupandanisha. Kaza, kata, paka kuteksi tena juu. Acha ikauke kabisa. Mimi huwa nafunga miili kumi napanga kwa kipande cha sponji naenda kunywa chai.

Mabawa sasa, na hapa ndio watu wengi wanaharibu. Kata uzi mweupe, laza kukingama juu ya shanki kama msalaba, funga kwa umbo la nane, kona hii kwenda kona ile, mara nne au tano ukikaza. Kila bawa liwe urefu wa shanki, si zaidi. Na upunguze! Ukidhani umeweka kidogo, toa nusu. Bawa la spina ni kama kioo, mwanga unapita, ukiweka fungu nene trauti anaona pamba. Kule karakana msimamizi alikuwa anataka flai nono ju mnunuzi anapenda kuona vitu vingi kwa picha, na siku nilifunga zangu nyembamba nilirudishiwa dazeni nne nikaambiwa nirudie, bila malipo. Nilizibeba nyumbani. Ndizo nilienda nazo Mau.

Malizia kifua: sokota manyoya ya sungura kiasi cha punje ya mchele kwa uzi, zungusha kwa nane hiyo hiyo mbele na nyuma ya mabawa, yatafunika uzi na kuyasukuma yalale. Acha nafasi nyuma ya jicho la ndoano, kila mtu anasahau hapo halafu kesho kamba haiingii. Fundo la kumalizia mara tano, kata, tone la kuteksi kwa ncha ya sindano.

Kabla ulale jaribu: beseni la maji, iachilie flai kutoka juu kama urefu wa mkono. Ikitua imelala kifudifudi mabawa yamegusa maji, vizuri. Ikisimama upande, kuna bawa limezidi lingine, punguza na makasi. Dawa ya kuelea paka mabawa tu, mwili uache ulowe kidogo.

Mtoni enda kuanzia saa kumi na moja unusu jioni, siku haina upepo, tafuta maji yaliyotulia chini ya mkondo. Kamba ya mwisho iwe nyembamba na usivute, flai iende na maji peke yake. Hutaiona, nakuambia mapema, imelala mno, sasa angalia duara tu likitokea karibu na pale unadhani iko, inua fimbo polepole bila kushtua. Na usizibebe kwa kisanduku cha kubana, mabawa yatakunjika urudi na flai za kusimama. Mimi natumia kichupa cha dawa, kile cha vidonge, zinalala humo zimelegea.