Somo: Kuhesabu nafasi wazi ya parseli kwa cheti cha LEED

Ndugu mafundi na wachora ramani wa Goma, wengi wetu hupima nyumba, tukaitoa kwenye parseli, na kinachobaki tukakiita nafasi wazi. LEED, cheti cha majengo yanayojali mazingira, haihesabu hivyo. Inauliza: mtu akitoka nje, anafika wapi, na hapo anafanya nini? Nafuata toleo la 4.

1. Pima parseli nzima, pamoja na pale nyumba iliposimama. Asilimia 30 yake iwe nafasi wazi. Parseli ya mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600, basi unatafuta 180. Usiitoe nyumba kwanza. Katika mradi wangu wa kwanza nilifanya hivyo na hesabu yote ikarudishwa.

2. Ondoa parkingi, njia ya magari, na vichochoro vya nyuma ya ukuta ambavyo hakuna anayepita.

3. Kila kipande kilichobaki kipe kazi. Sakafu ya nje au nyasi zenye mahali pa kukaa na kuzungumza. Uwanja wa mchezo. Bustani ya mimea ya aina nyingi, ya kupendeza mwaka mzima. Shamba la chakula. Ndiyo, lengalenga na sombe za mama zinahesabika! Hata makazi ya ndege na wadudu yanaingia, ila yatimize masharti yake na watu wapate pa kupita humo.

4. Robo ya hizo 180, yaani mita 45, iwe na mimea au ifunikwe na majani kwa juu. Nyasi za kukata haziingii kwenye robo hii. Hapa ndipo jiwe letu la volkano linapotushinda, maana udongo ni haba. Mimi huvunja jiwe, nachimba tundu, nalijaza udongo na samadi, napanda marakuja, kisha nainua fito juu ya mabenchi ya mawe yale yale. Tundu moja dogo, na baada ya muda kivuli kinafunika mabenchi yote. Kivuli hicho cha majani kinahesabika.

Zawadi yake ni pointi 1 ya kuhesabiwa kwenye cheti. Bado naona inastahili, maana watoto wetu wanacheza barabarani kati ya pikipiki na chukudu.

Maswali ya wanachama

*Yaya, nikipanda mimea juu ya paa la zege?*
Jumlisha sakafu za ghorofa zote, gawanya kwa eneo la parseli. Ukipata 1.5 au zaidi (kwa parseli yetu, sakafu za mita za mraba 900), paa linakubalika, mradi watu wanaweza kulipanda na kukaa huko.

*Mteja anataka cheti kingine cha majengo, EDGE. Hesabu hii inamhusu?*
Hapana. EDGE inaangalia nishati, maji na vifaa vya ujenzi, asilimia 20 ya akiba kwa kila kimoja.

*Nyuma ya parseli kuna shimo lenye kivuli kizuri. Tuweke mabenchi?*
Usiweke, ndugu yangu. Unajua mazuku: hewa ya ukaa ni nzito, haina rangi wala harufu, hutuama bondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Mtoto aliyeketi chini ndiye anayeivuta kwanza. Mabenchi yapande juu, shimo lizungushie ua, na eneo hilo ulitoe kwenye zile 180, kwa kuwa mtu haingii.