Kufunga stoo ya karafuu: mlango, paa, kufuli na king'ora cha betri

Karafuu ikishakauka haiozi, inabebeka, na gunia likiwa begani mwa mtu usiku halijulikani ni la nani. Kwa hiyo siku za hatari si zile za kuanika, uwanja umejaa watu na majamvi yametandazwa, bali ni wiki zile magunia yanapokaa ndani yakingoja kupelekwa kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Maelekezo haya ni ya stoo ndogo ya mkulima wa Pemba, mita 3 kwa 4, ukuta wa matofali ya saruji na paa la bati. Mwenye stoo kubwa zaidi atabadilisha vipimo, lakini utaratibu ni uleule: mlango kwanza, kisha paa, kisha matundu ya hewa, na kufuli linunuliwe mwisho.

Wengi hufanya kinyume. Hununua kufuli la bei, wakalitundika kwenye tumbuu, ile pete ya chuma inayopokea kufuli, iliyoshikwa na skrubu nne za nusu inchi. Mwizi wa stoo ni nadra kufungua kufuli kwa ufundi. Anaangalia limeshikwa na nini, anaingiza mtaimbo hapo, na kufuli linaanguka zima, bado limefungwa.

MLANGO

Fremu ndiyo inayoachia kwanza. Ikiwa imepigiliwa misumari kwenye vipande vya mbao vilivyozikwa ukutani, inasukumika yote na mlango wake. Tengeneza vishikio vya flatibaa ya milimita 40 kwa 6, urefu sentimita 25, vitatu kila upande. Ncha moja ifungwe kwenye mwimo kwa bolti, nyingine ipasuliwe katikati na kupanuliwa, kisha izikwe katika zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mwagia maji siku saba kabla ya kutundika mlango. Kama ukuta ni wa zamani, wa mawe na udongo au chokaa, usitumie bolti za kutanuka: zinapokazwa hutafuna jiwe laini na baada ya miezi michache zinacheza. Hapo chimba shimo la sentimita 20 kwa 20 kwa kila kishikio na ulijaze zege.

Mlango wenyewe uwe wa mbao ngumu, mninga au mfenesi, unene wa milimita 45 hadi 50, na ufungukie nje. Ukifungukia nje, teke haliufungui kwa sababu unaegemea fremu. Ubaya wake ni kwamba bawaba zinabaki upande wa mwizi, naye akikata pini zake anautoa mlango kwa nyuma huku kufuli likimwangalia. Dawa yake ni rahisi, na mafundi wengi huisahau: toboa ubavu wa mlango upande wa bawaba katika sehemu tatu, pigilia vipande vya nondo ya milimita 12 vitokeze milimita 15, kisha toboa matundu yanayolingana kwenye mwimo. Mlango ukifungwa vipande hivyo vinaingia ndani ya mwimo, na hata bawaba zote zikikatwa hautoki.

Acha nafasi ya milimita 3 hadi 4 kati ya mlango na fremu. Masika mbao hufura. Mlango uliobana wakati wa kaskazi hautafungika mwezi wa nne, na ndipo watu huanza kulala na komeo lililofika nusu. Kwa sababu hiyohiyo, tundu la kupokea komeo lirefushwe kwa juu na chini kwa milimita 5.

Komeo la nje litengenezwe kwa flatibaa ya milimita 6, si bati lililokunjwa. Lifungwe kwa bolti za milimita 10 zenye vichwa vya mviringo nje, zipite mlango mzima, na ndani ziwekewe kipande cha chuma cha milimita 4 kilichotobolewa, ndipo nati zikazwe. Kichwa cha mviringo hakina pa kushika spana. Nati ikishakazwa, ponda uzi uliobaki kwa nyundo. Tumbuu nayo iwe ya chuma cha mviringo cha milimita 12, ipite mwimo hadi nyuma, ifungwe vilevile. Tumbuu iliyochomelewa juu ya fremu ya bati jembamba ni pambo tu: kiungo kinashika, bati linachanika.

Kila palipochomelewa ndipo kutu huanzia. Gonga gamba lote, sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya zinki mara mbili kabla ya rangi ya juu. Kwa kijiji kilicho karibu na bahari, rudia kila mwaka.

PAA NA MATUNDU YA HEWA

Bati lililopigiliwa misumari huinuliwa kwa mtaimbo, na lililofungwa kwa skrubu hufunguliwa kwa spana kimyakimya, jambo ambalo ni baya zaidi. Usipigane na bati. Weka chini yake wavu wa nondo za milimita 10, mraba wa sentimita 15, zilizofungwa kwenye kenchi na kuzikwa ukutani pande zote nne. Mwizi atakayetoa bati atakuta kazi ya pili, ya kelele na ya muda.

Karafuu inahitaji hewa, kwa hiyo matundu hayazibwi. Yawekewe nondo zilizoachana sentimita 10, na nyuma yake, ndani, waya wa matundu ya milimita 6. Waya huo si wa panya peke yao. Gunia lililoegemea tundu hunyonywa kwa bambo au kipande cha bomba kilichochongwa, pishi baada ya pishi, na mwenyewe anaona gunia limesimama palepale. Ndiyo maana magunia yakae sentimita 50 kutoka ukutani, juu ya vichanja vya sentimita 15, na pawe na nafasi ya mtu kuyazunguka akiyahesabu.

KUFULI

Upepo wetu una chumvi, na chumvi hula kufuli kabla mwizi hajafika. Kufuli la vipini, yaani pini ndogo za ndani, la aina iliyopewa hataza na Linus Yale wa pili huko Marekani miaka ya 1860, lina springi ndogondogo ndani, na moja ikishika kutu ufunguo hauzunguki. Kufuli la visahani, aina iliyobuniwa na Emil Henriksson wa Ufini mwaka 1907, halina springi za kurudisha visahani: ufunguo wenyewe ndio unaovipanga. Kwa stoo ya pwani tunalipendelea hilo.

Kuhusu upinde wa kufuli, huwezi kupata vyote kwa bei ndogo. Upinde wa chuma kisichoshika kutu hudumu miaka lakini ni laini kwa mkasi mkubwa wa kukatia bolti, na ule wa chuma kilichokomazwa haukatiki kirahisi ila unashika kutu. Chagua kilichokomazwa, unene usiopungua milimita 10, kisha kifunike: chomelea kijisanduku cha bati la milimita 3 juu ya tumbuu kitakachoficha upinde wote na kuzuia mvua. Tundu la ufunguo lielekee chini. Usitie mafuta ya nazi wala ya kupikia, yanaganda na kushika vumbi. Tone mbili za mafuta ya cherehani kila mwezi zinatosha.

Weka makufuli mawili ya aina tofauti, funguo zake zikae kwa watu wawili wasiolala nyumba moja. Hapa ndipo ulinzi wa kweli wa stoo ulipo, kwa sababu wizi mwingi wa ghala hauvunji kitu. Kuna hila moja ya kuchungwa sana. Mchana stoo ikiwa wazi, kufuli huachwa likining'inia kwenye tumbuu bila kufungwa. Mtu analiondoa na kuweka jingine linalofanana nalo. Jioni unabana kufuli lake, unaondoka ukiwa umeridhika, na usiku anakuja na ufunguo wake, kisha analirudisha lako asubuhi hujaamka. Kwa hiyo kufuli likifunguliwa libanwe palepale kwenye tumbuu, au liingie mfukoni. Kibarua aliyewahi kukabidhiwa ufunguo akiondoka, badilisha kufuli. Kudai ufunguo urudishwe hakusaidii kitu kama umeshachongwa wa pili.

Vitasa vya umeme vinavyoshikwa na sumaku havifai hapa. Umeme ukikatika vinaachia, ndivyo vilivyoundwa ili watu wasinaswe ndani kukitokea moto.

KING'ORA

Kinachohitajika ni betri ya volti 12 ya Ah 7 ya aina iliyozibwa, rilei ndogo ya volti 12 yenye miguu mitano (swichi inayovutwa na koili yake: ikipata umeme inaamka, ikikosa inalala), swichi ya sumaku ya mlango, king'ora cha volti 12, fyuzi ya ampea 2, swichi ya kuwashia, kitufe cha kubonyeza, swichi ya ufunguo, na mita 60 za waya wa shaba wa milimita 0.2 wenye vanishi, ule wanaotumia mafundi wa kufunga mota.

Chanya ya betri ipite kwenye fyuzi, kisha swichi ya kuwashia, hadi mguu wa kati wa rilei. Mguu unaogusana na huo rilei ikiwa imelala uende chanya ya king'ora. Mguu unaogusana nao rilei ikiamka uanze safari ya kuzunguka stoo: swichi ya mlango, kisha waya wa paani, kisha urudi kwenye koili ya rilei. Upande wa pili wa koili na hasi ya king'ora viende hasi ya betri. Kitufe kiunganishe mguu wa kati na mguu wa mzunguko.

Kinavyofanya kazi: ukiwasha, king'ora kinalia. Bonyeza kitufe, rilei inaamka, inajishikilia yenyewe, sauti inakatika. Mzunguko ukikatika popote, kwa mlango kufunguliwa au waya kukatwa, rilei inalala na king'ora kinaanza. Mwizi akirudisha mlango hakinyamazi, kwa sababu rilei imeshajitenga na umeme wake.

Kutoka bila kukiamsha ndiko kunakowasumbua wengi. Swichi ya ufunguo iwekwe nje, imezikwa ukutani, na nyaya zake mbili ziunganishwe sambamba na swichi ya mlango peke yake. Ukiifunga, yaani umeme ukipita humo, mlango unarukwa huku paa likibaki linalindwa. Utaratibu wa jioni: fungia swichi ya ufunguo, ingia, washa na ubonyeze kitufe, toka, funga mlango, kisha geuza ufunguo kuifungua swichi hiyo. Anayekata nyaya za swichi hiyo hapati kitu. Anayeziunganisha anapata, ndiyo maana zizikwe.

Waya wa paani upitishwe chini ya wavu wa nondo kwenye vijimisumari vilivyovikwa mrija wa plastiki, mistari iachane sentimita 25. Kwa stoo hii ni mistari 12 ya mita 4, karibu mita 50. Kwangua vanishi kila unapounga, la sivyo mzunguko hautafunga kabisa na utamlaumu muuza rilei. Panya wakiukata king'ora kitalia bure, na hilo linatokea.

Makosa mawili huua mtambo huu. La kwanza ni rilei ya gari. Koili ya rilei ndogo, yenye ukinzani wa karibu omu 400, hula miliampea 30, yaani nusu ya betri kwa siku tano. Ya gari, yenye omu 85 hivi, hula miliampea 140, na nusu ya betri inakwisha kwa siku moja. Umeme wa ZECO au paneli ya jua ya wati 10 yenye kidhibiti chaji itaimudu rilei ndogo bila taabu. La pili ni sumaku kwenye mlango wenye bati la chuma: chuma hunyonya nguvu yake. Weka kibao cha milimita 10 nyuma ya sumaku na nyuma ya swichi, na vikikaribiana vibakishe milimita 5. Swichi yenyewe, buni ya Walter Ellwood wa maabara za Bell mwaka 1936, ina vibati viwili ndani ya kichupa cha kioo, hivyo chumvi haivifikii. Umeme wa king'ora tu usiupitishe humo, vibati vitaungana.

King'ora kikae ndani ya wavu wake wa kukilinda, chini ya upenu unaoelekea nyumba za watu. Majirani na sheha wajulishwe mapema sauti hiyo ni ya nini na nani apigiwe simu.

MAGUNIA NA MIZANI

Shona mdomo kwa uzi wa rangi isiyo ya kawaida, funga lakiri yenye namba, andika namba na uzito daftarini. Kagua na mshono wa chini pia, kwani huko ndiko kunakofumuliwa.

Uzito ukibadilika usimkamate mtu haraka. Gunia la kilo 50 lenye unyevu wa asilimia 12 lina kilo 44 za karafuu kavu kabisa. Likivuta unyevu hadi asilimia 14 mizani itasoma kilo 51 na kidogo. Likiingia na asilimia 16 likashuka hadi 12, litasoma kilo 47.7 bila kuguswa. Pima yote siku moja: yakipanda au kushuka kwa kiasi kinachokaribiana, ni hewa. Moja likishuka peke yake, ligeuze na utafute tundu.

Mzigo ukishauzwa, toa betri, ikae nyumbani na ichajiwe kila miezi miwili, maana ikiachwa tupu haitarudi. Makufuli yafunguliwe, yasuguliwe, yatiwe mafuta, kisha yafungwe tena kwenye stoo tupu, ili mtu asiingie kusoma waya wa paani umepita wapi.