Panga vitu kwa saa vinapotumika: mwongozo kwa anayeishi chumba na sebule

Nyumba nyingi za chumba na sebule hapa Dar es Salaam ni safi sana. Sakafu imepigwa deki, vyombo vinang'aa, nguo zimekunjwa vizuri. Lakini ikifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, vurugu inaanza: soksi moja haionekani, kiberiti kimelala chumbani, na namba ya mita ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, iko kwenye simu isiyo na chaji. Tatizo linatokana na mpangilio. Vitu vimewekwa kwa aina yake, nguo na nguo, vyombo na vyombo, wakati sisi tunavitumia kwa saa. Mimi kazi yangu ni kupanga nyumba za watu, na kila ninapoingia ninasisitiza jambo hilohilo: kitu kikae pale mkono unapokitafuta, pamoja na wenzake wa saa hiyo.

Hatua ya 1: Fuatilia siku kabla hujagusa kitu

Chukua daftari. Siku moja ya shule na siku moja ya mwisho wa wiki, andika kila mara mtu anapouliza "iko wapi?" na kila mara unapotoka sehemu moja kwenda nyingine kufuata kitu kimoja tu. Andika na saa. Usinunue makapu wala rafu kwanza. Wengi huanzia dukani, kisha makapu yenyewe yanakosa pa kukaa.

Hatua ya 2: Igawe siku kwa vipindi

Ukisoma daftari utaona siku yako ina vipindi vitano au sita vinavyojirudia: kuamka na kujiandaa, chai, watoto kwenda shule, kupika, maji na usafi, kurudi nyumbani na kulala. Kama nyumba inaswali, udhu na swala ni kipindi kamili: birika, mswala na kanga au mtandio wa kuswalia vikae pamoja, visichimbuliwe chini ya nguo alfajiri. Kila kipindi kitapewa kona yake. Kona inaweza kuwa sinia, ndoo, msumari mmoja au droo ya kabati.

Hatua ya 3: Anza na chai

Anza hapa kwa sababu matokeo utayaona kesho yake asubuhi. Chukua sinia moja. Weka chupa ya chai, chujio, mkebe wa majani, mkebe wa sukari, kipande cha tangawizi au iliki kama mnatumia, kijiko, na vikombe kwa idadi ya watu wanaoishi humo ndani. Vikombe vingine vyote vipande juu, ni vya wageni. Ukiwa na vikombe kumi na viwili chini, asubuhi utaosha kumi na viwili.

Kiberiti cha chai kiwe cha chai. Nunua cha pili kwa ajili ya udi, mishumaa na mambo mengine, kwa sababu kiberiti kimoja huzunguka nyumba nzima. Sufuria ya chai itundikwe msumari wake karibu na jiko na isitumike kwa mboga. Harufu ya kitunguu haitoki haraka, na maziwa huivuta mara moja. Kama sisimizi wanakusumbua, mkebe wa sukari usimame ndani ya kisahani chenye maji kidogo.

Jioni, baada ya kuosha vyombo vya usiku, sinia lirudi likiwa limekamilika. Mtu wa kwanza kuamka, awe baba, mtoto mkubwa au dada wa kazi aliyefika jana, abandike chai bila kuuliza chochote.

Hatua ya 4: Kona ya shule

Hapa ndipo asubuhi inapoharibika, kwa hiyo tumia muda.

Kila mtoto apate msumari wake, uliopigwa usawa wa bega lake. Ukiupiga usawa wa bega lako wewe, utakuwa unamtundikia na kumtungulia kila siku. Kwenye msumari huo panakaa sare, sweta na begi. Viatu viwe chini yake, na soksi safi ziingizwe ndani ya viatu tangu jioni. Kiwi na brashi vikae kwenye kopo hapohapo. Mtoto akivua viatu alasiri anavipiga brashi akiwa bado hajakwenda kucheza.

Wenye nyumba wengine hawataki ukuta utobolewe. Tafuta kipande cha ubao, kipigie misumari, ukifunge kwa kamba kwenye nondo za dirisha.

Mashati piga pasi yote ya wiki Jumapili mchana, usingoje alfajiri ambayo umeme unaweza kukatika. Madaftari yapangwe usiku, mara tu baada ya kazi za nyumbani, na begi lirudi msumarini kabla ya chakula. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kabisa kufanya haya akionyeshwa kwa mkono kwa siku chache. Usimfanyie; simama karibu naye.

Hatua ya 5: Jiko

Mwiko, upawa, kisu, ubao wa kukatia na chumvi vikae umbali wa mkono kutoka ulipo moto. Mbuzi ya nazi, ungo na kinu vinaweza kukaa mbali kidogo, kwani unavitumia kabla hujawasha. Unga na mchele visikae karibu na sabuni wala mafuta ya taa, maana hunasa harufu.

Kuna mambo matatu ya usalama ambayo hayana mjadala. Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa, usifungiwe kabatini: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, hata kama moto unaelekea kuzima. Na mafuta ya taa au dawa za usafi zisimiminwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Hatua ya 6: Maji

Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Liwekwe karibu na mlango linapoingilia, lisivushwe sebule nzima. Maji ya kunywa yawe kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba, juu ya stuli, ili mikono na vikombe visichovywe ndani. Ndoo ya chooni iwe na rangi yake peke yake, na kila mtu aijue.

Hatua ya 7: Mlangoni

Funguo, taa ya chaji, na karatasi iliyoandikwa namba ya mita kwa herufi kubwa. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na kuiingiza gizani bila taa ni mateso. Basi.

Hatua ya 8: Vitu vya mara mojamoja

Sufuria kubwa za shughuli, mablanketi ya ziada na vyombo vya wageni viende chini ya kitanda au juu ya kabati. Nyaraka hapana. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA na mkataba wa pango vitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ndani ya begi moja, juu. Anayekaa bondeni anajua masika ya Machi hadi Mei yanavyoingia ndani usiku. Begi hilo uweze kulinyakua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto. Dawa nazo zikae juu, kwenye kopo lenye mfuniko.

Hatua ya 9: Sahihisha baada ya wiki

Rudi kwenye daftari. Vitu vitakavyokuwa vimehama sehemu uliyovipangia, usiwagombeze watu. Tazama vimehamia wapi. Mkasi ukikutwa kwenye kochi kila jioni, basi anayeshona anashonea hapo: mpe mkasi kikapu pembeni ya kochi. Chaja ikikutwa kitandani, tafuta waya mrefu wa soketi ufike kitandani. Likizo za shule zikianza, vipindi vitabadilika, na mwezi wa Ramadhani chai itahamia jioni na sinia la daku litahitajika karibu na mlango wa chumbani. Fuatilia tena siku mbili, uhamishe kona.