Kuzalisha mkia-upanga kwa rangi: kazi inaanzia kwa mtamba

Vifaranga wa kijani wakizaliwa katika tangi lenye mikia-upanga (samaki wa mapambo, swordtail) wekundu watupu, wa kwanza kulaumiwa huwa chakula au maji. Mara nyingi kosa ni la zamani zaidi: jike aliingia tangini akiwa na mbegu za dume mwingine. Jike wa samaki huyu huhifadhi mbegu mwilini, na akipandwa mara moja anaweza kuzaa mizao kadhaa, miezi ikipita, bila kuona dume tena. Kumbadilishia dume hakufuti kilichotangulia. Hesabu zote za jeni zilizo hapa chini zinasimama juu ya mtamba, yaani jike ambaye hajapandwa hata mara moja.

Mtamba hanunuliwi, hulelewa. Wahamishie vifaranga tangi lao, na kuanzia wiki ya 5 wakague kila baada ya siku 3 au 4. Tazama pezi lililo chini ya tumbo, nyuma ya tundu la haja. Likibaki pana kama upepeo, huyo anaelekea kuwa jike. Likianza kuwa jembamba na kuchongoka, ni dume, na pezi hilo litakuwa gonopodi, kiungo chake cha kupandia. Usisubiri upanga wa mkiani, kwa sababu huchomoza baada ya gonopodi kuanza kujiunda. Jike mchanga huonyesha pia doa jeusi karibu na tundu la haja, ila kwa zeruzeru doa hilo halina weusi, hivyo amini umbo la pezi peke yake.

Hata ukikagua vizuri, kuna madume wanaochelewa. Hukaa miezi kadhaa wakionekana kama majike, wakawa na miili mikubwa, kisha gonopodi ikatokea. Simulizi za jike aliyegeuka dume mara nyingi ni hawa. Kwa hiyo tangi la mitamba liendelee kukaguliwa, na ukimkuta dume ndani yake, mitamba wote walioishi naye wasitumike katika mpango wowote wa jeni. Wakati huohuo usiwatupe waliochelewa. Anayechagua kila mara dume wa kwanza kukomaa huchagua wafupi, na baada ya vizazi vichache ukoo wake wote umesinyaa.

Sasa rangi. Samaki wa porini, Xiphophorus hellerii wa Mexico hadi Honduras, ni wa kijani mwenye mstari ubavuni. Sehemu kubwa ya wekundu na weusi tunaoufuga ilitoka kwa ndugu yake mfupi, plati, kwa kuchanganya damu. Wekundu katika koo nyingi hutawala kijani: jozi nyekundu inaweza kubeba kijani kwa siri na kutoa robo ya watoto wa kijani. Uzeruzeru, wenye macho mekundu, hujificha: lazima mtoto aupate kwa baba na kwa mama. Dhahabu yenye macho meusi nayo hujificha, lakini ni jeni nyingine. Ukimpandisha zeruzeru safi kwa samaki wa dhahabu safi, watoto wote hutoka bila uzeruzeru na bila dhahabu. Hapo hakuna kilichoharibika. Kila mzazi amefunika pengo la mwenzake.

Kumbuka pia kwamba zeruzeru ni pazia. Hatengenezi weusi, kwa hiyo anaweza kubeba jeni ya mapezi meusi usiione hata kidogo. Ikitokea kwa watoto wenye macho meusi wa jike zeruzeru, dume si wa kushukiwa kwanza. Huenda ilikuwa kwa mama siku zote.

Kumjua mbeba uzeruzeru asiyeuonyesha, mpandishe na zeruzeru. Akiwa mbeba, takriban nusu ya watoto watakuwa na macho mekundu. Uwezekano kwamba mbeba atatoa vifaranga 7 wote wenye macho meusi, kwa bahati tu ya kukudanganya, ni 1 kati ya 128. Wakifika 10 ni 1 kati ya 1,024. Mzao mmoja wa kawaida unatosha kabisa. Wahesabu siku ya kuzaliwa, kwa maana wazazi hula watoto, na zeruzeru mweupe huonekana haraka zaidi.

Mapezi yana sheria kali kuliko rangi. Pezi refu la mgongoni, lile la aina ya Simpson, hutawala, lakini mtoto anayelipata kwa wazazi wote wawili hufa. Piga hesabu ya mayai 60. Wenye pezi refu (warefu) kwa wenzao: 15 hufa, 30 warefu, 15 wa kawaida. Mrefu kwa wa kawaida: 30 warefu, 30 wa kawaida. Idadi ya warefu ni ileile, basi kuwaoanisha warefu wawili ni kupoteza mayai bure. Mkia wa kinubi, wenye ncha ndefu juu na chini, nao hutawala, ila dume wake huota gonopodi ndefu isiyofaa kupandia. Tumia jike mwenye kinubi na dume wa mkia wa kawaida. Nusu ya watoto watakuwa na kinubi.

Tuseme unataka zeruzeru mwenye pezi refu. Mpandishe mtamba zeruzeru wa pezi la kawaida kwa dume mwenye pezi refu asiyebeba uzeruzeru. Watoto wote watakuwa na macho meusi, wote ni wabeba, nusu wana pezi refu. Chagua dume mmoja mwenye pezi refu. Ukimpa dada yake wa pezi la kawaida, utakachotafuta ni 1 kati ya 8. Ukimpa zeruzeru wa pezi la kawaida, ni 1 kati ya 4, yaani karibu 10 katika vifaranga 40. Kishawishi ni kumrudisha kwa mama yake. Usifanye hivyo: mama bado ana mbegu za dume wa kwanza, na nusu ya mbegu hizo zina pezi refu lakini hakuna yenye uzeruzeru. Chukua mtamba zeruzeru mwingine, hata mdogo wa yule mama.

Andika kila mzao: tarehe, wazazi, jumla, na kila aina kwa jinsia yake. Jinsia si pambo la daftari. Katika koo zenye damu ya plati, baadhi ya jeni za wekundu na weusi hukaa kwenye kromosomu za jinsia, ndiyo maana rangi inaweza kuwatokea wana peke yao na mabinti wasiipate. Asiyetenganisha jinsia kwenye hesabu huona nusu kwa nusu akadhani ameelewa.

Weusi wa madoa ya plati unataka tahadhari ya pekee. Tangu miaka ya 1920 inajulikana kwamba plati mwenye madoa meusi ya pezi la mgongo akichanganywa na mkia-upanga, mchotara huwa na weusi uliozidi. Mchotara huyo akirudishwa kwa mkia-upanga, nusu ya watoto hawana madoa, robo wana weusi wa wastani, na robo hupata melanoma, saratani inayokula pezi na mwili. Chanzo ni jeni Xmrk, iliyotambuliwa 1989: plati ana jeni nyingine inayoitia breki, na kila urudishapo damu ya mkia-upanga unaipunguza breki hiyo. Basi samaki ambaye weusi wake unanenepa na kuinuka juu ya ngozi, hasa kwenye shina la pezi, asizalishwe hata kama anapendeza akiwa mchanga. Kwa jozi, chagua wenye weusi mwembamba, bapa.

Tangi la jozi liwe la lita 60 au zaidi, maji ya nyuzi 24 hadi 26, pH 7 hadi 8, magumu (yenye madini mengi) badala ya laini, na kifuniko kisicho na mwanya kwani hawa huruka. Dume 1 kwa majike 2 au 3 hupunguza bughudha. Mimba huchukua takriban wiki 4. Jaza mimea ya majini aina ya mosi (moss) na majani yanayoelea kabla ya kuzaa, kisha mtoe jike akimaliza. Vifaranga wapewe artemia (uduvi wadogo sana) waliototolewa siku hiyo, kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku, na robo ya maji ibadilishwe mara 2 kwa wiki. Chakula chenye karotenoidi, rangi asilia kama ile ya karoti, huivisha wekundu uliopo. Samaki wa kijani hakitamfanya mwekundu.