Kabla ya kuhama Mwanza kwenda kusoma Würzburg

Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, kwa hiyo kijana wa Nyamagana au Ilemela anayetamani kusoma Ujerumani huwa ameshalisikia jina la mji huo, hasa kama amepita hospitali ya Bugando. Udada huo haupunguzi karatasi hata moja.

Anza na majina, tena kabla hujaomba chuo. Wengi wetu hukwama hapa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Kulwa. Cheti cha kidato cha nne kinasema Kurwa, kwa kuwa aliyejaza fomu shuleni alisikia hivyo. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kina jina la babu mwishoni, na cheti cha chuo hakina babu kabisa. Mtaani ni mtu mmoja na hakuna anayeuliza, lakini kwa ofisa wa visa hao ni watu watatu. Tandaza vyeti vyote, usome herufi kwa herufi pamoja na tarehe za kuzaliwa. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili. Kubwa irekebishwe kwenye chanzo, RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa au NIDA, kabla ya kugusa pasipoti, la sivyo kosa litahamia humo na kukaa miaka 10. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000.

Kisha ujue unaomba visa ipi. Ya Schengen ni ya matembezi: siku 90 ndani ya kila siku 180. Anayekwenda kusoma huomba visa ya taifa, aina D, ambayo kwa kawaida ada yake ni euro 75. Kuna vishoka mjini wanaoshauri uingie kwa visa ya matembezi halafu ubadilishe ukifika. Usiwasikilize. Kwa Mtanzania anayekwenda masomoni, visa sahihi inatakiwa itoke kabla ya safari, na ukikataliwa kule, nauli ya kurudi ni yako, si ya kishoka.

Penye uzito ni pesa. Ujerumani inataka uthibitisho kwamba utajimudu mwaka mzima, na njia ya kawaida ni akaunti maalumu, wenyewe huiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango kwa wanafunzi ni euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30, nawe unaruhusiwa kuchukua humo euro 992 kila mwezi. Kiwango hupandishwa mara kwa mara, hivyo kiangalie upya kabla ya kutuma. Pesa ni zako. Zimefungwa tu usizimalize mwezi wa kwanza. Shida ya familia nyingi za huku ni kwamba mtaji umo kwenye mzunguko: dagaa mwaloni Kirumba, ng'ombe Misungwi, mpunga stoo. Benki ikiona mamilioni yameingia wiki hii na wiki ijayo yanataka kutoka nje, itauliza yametoka wapi. Mauzo yaanze kupita benki mapema, na leseni na risiti ziwe karibu. Siku ya kutuma, mwambie mhudumu makato yote yawe juu yako. Vinginevyo benki za njiani zitamega kidogo kidogo na kule zifike pungufu.

Asiye na kiasi hicho huenda kwa ufadhili, au mjomba aliyeko Ujerumani anamdhamini kwa hati rasmi anayosaini ofisini kule kwao. Mjomba asidhani ni barua ya mwaliko. Kwa kawaida humfunga miaka 5, na serikali ikikugharamia, yeye ndiye atakayedaiwa.

Maombi hupelekwa ubalozini Dar es Salaam, Umoja House, na alama za vidole hazitumwi kwa basi. Pata miadi kwanza ndipo ukate tiketi. Bima ya afya ianze siku unayotua.

Visa ikitoka, bado hujapata kibali cha kuishi. Ukishahamia kwenye makazi una wiki mbili za kujiandikisha anwani, na mkataba wa pango peke yake hautoshi: mwenye nyumba lazima asaini fomu iitwayo Wohnungsgeberbestätigung (matamshi utayazoea). Kwa hiyo chumba cha kuungaunga ambacho mwenyeji hataki kusaini kitakukwamisha, hata kiwe bei poa. Baada ya hapo omba kibali ofisi ya wageni kabla visa haijaisha. Ukiwahi, ukaazi wako unabaki halali wakati unasubiri majibu.

Kibali cha mwanafunzi huruhusu kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Hili waeleze nyumbani kabla hujapanda ndege, shangazi asije akaanza kuhesabu mshahara Desemba.