Jinsi ya Kupima Mchango wa Mtafiti kwa Marejeleo na Ushirikiano Wake

Idadi ya mara ambazo kazi za mtafiti zimerejelewa hupatikana kwa dakika chache tu kwenye kompyuta, na wepesi huo ndio unaofanya itumiwe ovyo. Kamati za ajira na za kupandisha vyeo huiweka mezani kana kwamba inajieleza yenyewe, ilhali haina maana mpaka ijulikane imetoka wapi, inalinganishwa na nini, na ni kiasi gani chake kinachomhusu mtafiti mwenyewe.

Anza kwa kusafisha orodha ya machapisho. Kazi hii huchosha, na kwa sababu hiyo wengi huiruka, lakini kosa linaloingia hapa hubaki katika kila hesabu itakayofuata. Mtu mmoja huweza kuandika kwa herufi za mwanzo za majina yake katika jarida moja na kwa jina kamili katika jingine, na watu wawili wasiojuana huweza kuwa na jina lilelile. Ikiwa mtafiti ana namba ya ORCID, yaani utambulisho wa tarakimu 16 ulioanza kutolewa mwaka 2012, anzia hapo, kisha linganisha orodha hiyo na wasifu wake wa kitaaluma. Ondoa kazi zisizo zake, na uunganishe makala ambayo imeorodheshwa mara mbili, mara nyingi kwa sababu rasimu yake ya awali na toleo lililochapishwa vimehesabiwa kama kazi mbili.

Kisha chagua kanzidata moja, yaani hifadhi ya kompyuta inayoorodhesha machapisho na marejeleo yake, na ubaki nayo. Google Scholar hukusanya kwa upana, ikiwa pamoja na vitabu, tasnifu na makala za makongamano, kwa hiyo hesabu zake kwa kawaida huwa kubwa, lakini huokota pia nyaraka ambazo hazikupitiwa na wataalamu. Scopus na Web of Science huchagua majarida ya kuingiza, na matokeo yake ni kwamba kazi zilizoandikwa katika lugha zisizo za Kiingereza, pamoja na vitabu vya fani za sanaa na jamii, huonekana kwa uchache. OpenAlex, iliyofunguliwa mwaka 2022, hutoa data zake bure. Yoyote utakayoichagua, andika jina lake na tarehe uliyochukua hesabu, wala usimpime mtafiti mmoja kwa kanzidata hii na mwenzake kwa ile.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni fahirisi ya h, iliyopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha shuka ukihesabu mpaka mahali pa mwisho ambapo idadi ya marejeleo bado haijawa ndogo kuliko nafasi ya makala katika orodha. Tuseme makala saba zimerejelewa mara 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 0. Ya tano ina marejeleo matano, ya sita ina matatu tu, kwa hiyo h ni 5. Sasa badilisha 40 iwe 400: h inabaki 5 ileile. Fahirisi hii haioni kazi moja iliyobadilisha taaluma nzima, na kwa kuwa haishuki kamwe, humpendelea aliyeanza kuandika zamani. Usiitoe peke yake. Iambatanishe na jumla ya marejeleo, idadi ya makala na mwaka wa chapisho la kwanza.

Ulinganisho ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Makala za baiolojia ya molekuli huwa na orodha ndefu za marejeo na hurejelewa upesi, ilhali makala ya hisabati huweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuguswa. Kwa hiyo linganisha kila makala na nyingine za taaluma hiyohiyo, za mwaka uleule na za aina ileile. Njia nyepesi ni kugawanya marejeleo ya makala kwa wastani wa kundi hilo: jibu la 1 ni wastani wa dunia, na 2 ni mara mbili yake. Hesabu pia bila marejeleo ambayo mtafiti au waandishi wenzake wamejipa. Kujirejelea si kosa, kwani utafiti hujengwa juu ya utafiti uliotangulia, lakini tofauti kubwa kati ya hesabu hizo mbili inastahili kuelezwa.

Ushirikiano hupimwa kwa orodha ileile. Mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS, makundi mawili makubwa ya wanafizikia katika maabara ya CERN, zilichapisha makala yenye waandishi 5,154 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, mojawapo ya chembe za msingi za maada. Kumpa kila mmoja wao marejeleo yote ya makala hiyo ni kuharibu ulinganisho wowote. Gawanya marejeleo kwa idadi ya waandishi, uweke hesabu hiyo kando ya ile ya jumla. Mpangilio wa majina usiutegemee kabla ya kujua desturi ya taaluma: katika hisabati hupangwa kialfabeti, ilhali katika sayansi nyingi za maabara wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na wa mwisho ndiye kiongozi.

Baada ya hapo chora mtandao wa waandishi wenza, yaani mchoro unaoonyesha nani ameandika na nani, kwa mkono au kwa programu kama VOSviewer. Idadi ya washirika si jambo kuu. Tazama kama ushirikiano unarudiwa, kama unavuka taasisi na nchi, na hasa kama mtafiti huyu anaunganisha makundi ambayo bila yeye yasingekutana. Mwenye washirika kumi aliye katika nafasi hiyo huenda ana uzito kuliko mwenye mia walio katika maabara moja.

Hatimaye soma marejeleo yenyewe. Chukua sampuli ya makala zilizomrejelea na utazame sentensi zinazomtaja: wapo wanaotumia mbinu yake, wapo wanaompinga, na wengi humtaja kwa kupita tu katika utangulizi. Kabla ya kuwasilisha ripoti, mpe mtafiti orodha na hesabu zako azihakiki.